Pasaka haisogezwi na mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyelalamika gazetini humu kwamba viongozi wa makanisa huisogeza Pasaka wapendavyo, ilhali Krismasi haibanduki Desemba 25. Lalamiko hilo nimelisikia hata mlangoni mwa kanisa, na hutokana na kusahau kwamba Krismasi hufuata jua, Pasaka hufuata mwezi.

Injili zinayaweka mateso ya Yesu katika siku za Pasaka ya Wayahudi, inayofuata mwezi mpevu wa Nisani, mmoja wa miezi ya kalenda ya Kiyahudi. Kwa sababu hiyo Wakristo wa Asia Ndogo (Uturuki ya leo) katika karne ya 2 waliiadhimisha Pasaka yao Nisani 14, iangukie siku yoyote ya juma, huku Roma ikishikilia Jumapili. Askofu Victor wa Roma alitaka hata kuwatenga na Kanisa hao wa Asia Ndogo, Irenaeus, askofu wa Lyon, akamsihi asifike huko. Mwaka 325 Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliamua wote waadhimishe Jumapili moja, na kanuni iliyokuja kukubalika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa Machi 21 au wa kwanza baada ya hapo. Ndiyo maana Pasaka haitangulii Machi 22 wala haipiti Aprili 25.

Ila mwezi huo ni wa majedwali ya hesabu ya Kanisa, si ule tunaoutazama angani, na hapa hata wasomi hujikwaa. Mwaka 2019 mwezi ulipevuka angani Machi 21, lakini jedwali lilikuwa limeuhesabu Machi 20, siku moja kabla ya mpaka. Basi ukasubiriwa mwezi uliofuata, na Pasaka ikawa Aprili 21. Waorthodoksi nao wengi hutumia kalenda ya Julius, ile ya kale ya Warumi, ambayo Machi 21 yake sasa ni Aprili 3 ya kalenda yetu, tena majedwali yake ya mwezi yamechelewa kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu mwaka 2024 sisi tuliadhimisha Machi 31 na wao Mei 5, kisha mwaka 2025 tukakutana Aprili 20 bila kikao chochote.

Kuhusu Krismasi sitasema mengi. Ushahidi wa zamani wa Desemba 25 unatoka Roma na unahusu mwaka 336. Wapo wanaoihusisha na sikukuu ya jua ya Warumi, na wapo wanaosema ilipatikana kwa kuhesabu miezi tisa tangu Machi 25, siku iliyodhaniwa Yesu alitungwa mimba. Binafsi hoja ya pili naiona ina uzito kuliko inavyopewa.

Msomaji huyo aliuliza pia kwa nini Kwaresima huitwa siku 40 wakati yeye amehesabu 46. Hesabu yake ni sahihi. Achukue kalenda ya mwaka 2026, aanze Jumatano ya Majivu, Februari 18, hadi Jumamosi Kuu, Aprili 4, kisha azifute Jumapili sita zilizomo, kwa kuwa Jumapili haifungwi.

Msomaji wako wa siku nyingi