Yah: Malalamiko kuhusu seti ya CNC yenye pawa saplai ya volti 48 na draiva za volti 42

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Hii ni barua yangu ya nne. Tatu za kwanza zilijibiwa na mtu ambaye, kwa majibu yake, sidhani kama amewahi kulifungua sanduku mnalouza, ndiyo maana safari hii nakuandikia wewe moja kwa moja.

Nilinunua kwenu seti mnayoiita "kamili" ya umeme wa ruta ya CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta) ya kujitengenezea: mota tatu za stepa, yaani zinazozunguka hatua kwa hatua, za saizi ya NEMA 23, draiva tatu za TB6600 za kuzilisha mota hizo umeme, bodi ya kontrola yenye GRBL, programu ya kuiongoza mashine, pawa saplai, limiti swichi za kuhisi mashine ikifika mwisho, na mchoro wa ukurasa mmoja. Fremu nilishaiunda mwenyewe. Ningeweza kununua kila kipande peke yake, tena kwa bei nafuu zaidi. Nilikuja kwenu kwa sababu mlisema vipande hivi vimechaguliwa vikapatana.

Havipatani. Pawa saplai ni ya volti 48. Niliipima kwa multimita kabla ya kuunganisha chochote, ikasoma 48.2. Ubavuni mwa kila draiva kuna lebo nyeupe, maandishi yake madogo kama ya chupa ya dawa: DC 9–42V. Nakiri kwamba lebo hiyo niliisoma vizuri baada ya kuungua na si kabla. Lakini mchoro wenu, karibu na skrubu ya VCC, pale umeme unapoingia kwenye draiva, umeandikwa "48V" kwa herufi nzito, na mimi niliufuata mchoro.

Ilivyotokea ni hivi. Niliwasha, mota zote tatu zikakaza. Nikasogeza ekseli ya Y, mmoja wa mielekeo mitatu ya mashine (X, Y na Z, kila mmoja na mota na draiva yake), polepole, ikaenda na kurudi bila neno. Nikaongeza mwendo. Mara ya tatu, daraja, yaani sehemu ya fremu inayotembea, lilipofika mwisho na kufunga breki, nikasikia mlio mdogo kama wa punje ya mahindi kwenye sufuria, mota ikalegea, na harufu ikajaa chumba. Siku iliyofuata ikafuata draiva ya X, vilevile, wakati wa kusimama. Nilizifungua zote mbili. Kwenye ile ya Y, chipu kubwa iliyolala chini ya bati la kupozea imepasuka katikati, shimo la ukubwa wa kichwa cha pini, na bodi imepakwa masizi kuizunguka.

Sikushangaa kwamba zote zilikufa wakati wa kusimama. Mota ya stepa inaposimamishwa ghafla ikiwa na mzigo inageuka jenereta ndogo: nguvu inarudi kupitia draiva hadi kwenye laini ya umeme, na volti zinapanda. Kwa hiyo hata pawa saplai ya volti 42 kamili ingekuwa kubahatisha. Mafundi wengi huzipa draiva za aina hii volti 36 ili ibaki nafasi ya kupumua. Ninyi mmeanza juu ya kikomo kabla mota haijazunguka hata mara moja.

Sasa nije kwenye majibu yenu. La kwanza lilisema nilichomoa mota wakati umeme umewaka. Kanuni hiyo naijua, tena ni ya kweli, inaua draiva papo hapo. Lakini nyaya zangu zimefungwa kwa skrubu, hakuna plagi ya kuchomoa, na bisibisi ilikuwa mezani. La pili lilisema nimeweka ampea nyingi mno. Swichi ndogo za draiva nilizipanga kwenye 2.5, na mota zenu zimeandikwa 2.8. La tatu liliniomba video ya draiva ikiungua. Nikipata nyingine ya kuchoma nitawarekodia.

Hakuna hata jibu moja lililogusa namba 48 na 42, ingawa nilizitaja katika barua zote tatu na kuambatanisha picha za lebo.

Mchoro nao una mambo yake. Unaonyesha mota yenye nyaya nyekundu, kijani, njano na bluu: nyekundu na kijani kwenda skrubu za draiva za A+ na A-, kwa koili moja ya mota, njano na bluu kwenda B+ na B-, kwa koili ya pili. Mota mlizonitumia hazina waya wa njano. Zina mweusi, kijani, mwekundu na bluu. Niligusanisha nyaya mbilimbili huku nikizungusha shafti kwa vidole. Zinapokuwa za koili moja shafti inakuwa nzito mkononi. Mweusi na kijani ni koili moja, mwekundu na bluu ni nyingine. Maana yake, anayefuata mchoro wenu na kuweka mwekundu pamoja na kijani anachanganya koili mbili, na mota itatetemeka na kunguruma mahali pamoja bila kuzunguka. Mimi nilijua kupima. Anayeanza atadhani mota ni mbovu, atachomoa, atachomeka, na hapo ndipo mtamwambia alichomoa umeme ukiwa umewaka.

Skrubu ya ethi (waya wa ardhini) ya pawa saplai mmeiacha tupu kwenye mchoro. Kabla sijaifunga niligusa fremu ya alumini kwa nyuma ya mkono nikasikia mchonyoto. Na kitufe chekundu cha dharura mmekipeleka kwenye pini ya bodi tu, yaani kinaomba programu isimame badala ya kukata umeme wa draiva. Changu nimekihamisha kikate umeme wenyewe.

Ili nisiwaonee: kebo zenu za mota zina kinga nzuri ya waya wa kusukwa, na limiti swichi hazijanipa kengele ya uongo hata mara moja, jambo ambalo wenye mashine za nyumbani wanajua si dogo.

Ninachoomba ni draiva mbili mpya badala ya zilizoungua, na pawa saplai ya volti 36 badala ya hii ya 48, gharama ya usafirishaji ikiwa juu yenu. Msinitumie draiva za volti 50 mkaniambia nibaki na 48. Hapo nafasi ya kupumua ni volti mbili, na nimeshaona zinavyopotea. Naomba pia muwaandikie wote walionunua seti hii wasiiwashe kabla ya kubadilisha pawa saplai, na mchoro urekebishwe rangi za nyaya, ethi na kitufe cha dharura.

Draiva ya Z, iliyonusurika kwa kuwa ekseli yake huenda taratibu, nimeiunganisha na pawa saplai ya volti 36 niliyoazima. Kisha nikaihamishia kwenye mota ya Y na kuikimbiza kwa mwendo uleule uliomuua mwenzake, kwenda na kurudi, saa nzima. Bati lake lina joto la kawaida na mota haijapoteza hatua hata moja. Mkitaka video, hiyo ninayo.

Draiva mbili zilizoungua nimezihifadhi pamoja na lebo zake na ziko tayari kurudishwa mtakaponitumia anwani. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wako,
Mteja wenu.