Ukisema umeshiba, watakuamini

Tanga, 20 Oktoba 2024

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sitaanza kwa kukuambia kwamba sisi huku ni wazima wa afya njema, kama tulivyofundishwa kuandika barua shuleni. Bibi yako mguu umevimba tena, na mimi tangu Alhamisi silali vizuri. Nakwambia hivyo makusudi, kwa sababu nataka na wewe uniambie mambo yako hivyo hivyo.

Alhamisi jioni mama mwenyeji wako, huyo unayekaa kwake huko Kanada, aliniandikia barua pepe. Kaka yako aliiona kwanza, akaja nayo mbio dukani, nikaisoma mara tatu kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne. Anasema wewe ni kijana mwenye adabu, unatandika kitanda na unaosha vyombo bila kuambiwa. Hapo nilijisikia raha, nikamwita na jirani asikie. Halafu anasema Jumatatu ya tarehe 14 walikuwa na sikukuu yao ya Shukrani, wakaoka bata mzinga mzima, wakaja na watoto wao wakubwa kutoka Halifax, na wewe ukala viazi viwili na karoti ukasema umeshiba. Anasema kila siku unasema umeshiba. Anasema mkanda wako umeutoboa tundu jipya kwa msumari. Mwisho akaniuliza kama kuna kitu anachokosea.

Mwanangu, mtu anakufungulia nyumba yake, anakupikia, kisha anakaa kujiuliza amekosea nini kwa sababu wewe umefunga mdomo. Nimeona haya mpaka leo.

Na siku hiyo hiyo mimi nilikupigia. Huku ilikuwa Siku ya Nyerere, duka tumefunga, nyumba imetulia. Nilikuuliza, umekula nini? Ukanijibu, "Nimekula vizuri, mama." Viazi viwili!

Sikiliza. Huku ukisema umeshiba, nani anakusikia? Mtu anakataa mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa kuona haya, na kabla hajakataa mara ya tatu sahani imeshajaa. Huko ukisema umeshiba, watakuamini. Neno lako wanalichukua kama lilivyotoka. Si kwamba hawana ukarimu, mwanangu, usije ukawadhania hivyo. Kwao kumshindilia mtu chakula baada ya kusema basi ndiko kumkosea. Kwa hiyo hakuna atakayekubembeleza. Ukinyamaza, utalala na njaa katika nyumba yenye friji mbili.

Najua nani alikufundisha. Lile jicho nililokukata kwa shangazi yako, andazi ukiwa nalo mkononi, huna haja nilisimulie. Nilikuwa nalinda jina la nyumba yetu, isemwe watoto wetu hawana tamaa. Sikufikiri kwamba ungelichukua jicho lile ukaenda nalo mpaka Truro. Basi leo naliondoa. Kwenye meza ile mimi simo. Karibishwa, kula, ongeza, na ukiona njaa saa nne za usiku, uliza kama unaweza kufungua friji. Uliza mara moja tu, watakwambia ndiyo, na hutahitaji kuuliza tena.

Kuhusu nyama, sikulaumu hata kidogo. Baba yako aliposikia hukumgusa yule bata kwa kuwa hakuchinjwa inavyotakiwa, hakusema neno, alikwenda akaswali rakaa mbili. Mtoto wa miaka 16, peke yake, hakuna anayemtazama, na ameshika dini yake. Tumefurahi sana. Lakini ulimwambia yule mama sababu? Hukumwambia. Yeye anadhani hupendi mapishi yake. Na hilo jimbo la Nova Scotia ulilopo ni bahari pande karibu zote, samaki ndio kazi ya watu wake, na wewe mtoto wa Mwambani unashindia mkate! Nimemjibu kwa msaada wa kaka yako. Nimemweleza habari ya nyama, nikamwandikia kwamba samaki wa aina yoyote unakula, mayai unakula, maharage unakula, wali unakula kupita kiasi. Nimemwambia pia kwamba unajua kupika samaki wa nazi. Kopo za tui zipo katika maduka ya huko, mjomba wako wa Toronto amenihakikishia. Jumamosi hii umpikie. Usinipige chenga, nitamuuliza mwenyewe.

Maana sasa mimi na yeye tunaandikiana.

Kuna jambo sikukwambia wakati ule. Unaikumbuka karatasi ya ulezi tuliyoapa mbele ya wakili pale mjini? Wewe ulikaa nje na simu yako. Kanada mwanafunzi wa chini ya miaka 17 akienda bila mzazi lazima awe na mlezi huko huko, raia au mkazi wa kudumu, naye aape upande wake na sisi tuape upande wetu. Wakili alinisomea ile sehemu inayosema mlezi atashughulikia mahitaji yako na atachukua hatua ikitokea dharura. Mkono wangu ulikataa kuandika. Baba yako akadhani kalamu imekwisha wino, akanipa yake. Nilitia saini kwamba mtu nisiyemjua, ambaye sijawahi hata kuisikia sauti yake, ndiye atakayepigiwa simu kwanza ukiugua. Nilikubali kwa kuwa nilijiambia, mwanangu ana mdomo, atasema. Kumbe.

Huyo mlezi ana namba, imo kwenye kadi waliyokupa. Mratibu wa familia za wenyeji naye ana namba, na kazi anayolipwa ni hiyo ya kusikiliza. Hata nyumba ikikushinda kabisa, inabadilishwa, wala si fedheha kwako wala kwao. Sisemi ubadilishe. Mama huyu naona ni mwema. Nasema ujue kwamba njia ipo.

Na tumbo likiuma, sema siku hiyo hiyo. Bima imo ndani ya ada tuliyolipa. Usikae siku tatu kama ulivyokaa pale bweni, kidato cha kwanza. Ulipopiga kwa simu ya matroni nikakwambia vumilia, wewe mwanamume, nilikuwa na mteja mbele yangu na hesabu ya vitenge mkononi. Ulipoletwa nyumbani ukiwa umekonda vile, daktari aliniuliza mtoto alianza lini kulalamika. Nilimwambia jana. Haya, hayo yamepita. Ila tangu siku ile hujawahi kuniambia unaumwa, na mimi nimehesabu.

Baba yako amesema nisiandike mambo ya huzuni tu. Basi nikwambie, ile video ya mto tumeitazama nyumba nzima. Baba yako hakuamini kuwa maji ya bahari yanaweza kuupandia mto kinyume, yakaja kama ukuta mdogo wa povu, mpaka alipoyaona yakipita chini ya lile daraja. Amekwenda kuwaeleza wavuvi wa Sahare kwamba katika ghuba hiyo ya Fundy maji yanajaa mpaka mita 16. Wamemcheka. Kwetu hata bamvua kubwa haifiki mita tano. Mmoja akamuuliza, sasa hao wanafunga wapi mashua zao? Mtafutie jibu, anakusubiri wewe.

Na ile sauti uliyotuma kuhusu somo la historia nimeihifadhi. Dakika kumi na moja! Ndiyo mara ya kwanza tangu uondoke kukusikia unaongea bila kukatakata. Sikujua kama katika shule zao za serikali hapo Nova Scotia mtoto anaweza kuchagua kusoma historia ya Wakanada wenye asili ya Afrika, na ikahesabiwa katika zile krediti 18 za kumalizia sekondari. Ulinieleza habari za Viola Desmond, yule mama wa saluni aliyekaa sehemu ya chini ya sinema pale New Glasgow mwaka 1946, mahali walipokaa weupe, akaambiwa ahame, akakataa, wakamburuta na kumlaza rumande. Na leo sura yake iko kwenye noti yao ya dola 10. Ninayo ile noti uliyonipigia picha. Nimeikuza kwenye simu nikamtazama uso. Mwanamke kama mimi, mwenye biashara yake kama mimi. Nilifikiri ni ajabu kwamba hadithi yake unaijua neno kwa neno, na wewe unashindwa kumwambia mwenyeji wako kwamba hukumla bata kwa sababu ya dini.

Darasani je? Mjomba wako anasema walimu wa huko wanataka mtoto anyooshe mkono, aulize, abishe kwa heshima. Aliyenyamaza wanadhani hajaelewa, au haimhusu. Hapo hakuna fimbo, kwa hiyo hofu hiyo iache. Ukikwama kwenye Kiingereza cha kuandika insha, wana mwalimu wa kuwasaidia wanafunzi wageni. Nenda. Usisubiri matokeo ya Januari ndipo nijue.

La kazi nimelisikia kwa kaka yako, umemwambia yeye ukanificha mimi. Eti unataka kutafuta kazi ya kuosha vyombo hotelini utupunguzie mzigo. Haiwezekani. Kibali cha mwanafunzi wa sekondari hakiruhusu kufanya kazi, hao wanaofanya ni wa vyuo. Ukikamatwa unaharibu kibali na kila kitu. Najua umeona hesabu, zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka pamoja na nyumba na chakula, na unajua kiwanja cha Mwambani kimekwenda. Kiwanja kilikuwa cha baba yako na ameuza kwa hiari yake. Lakini usisahau kwamba ndani ya fedha hizo kuna chakula chako. Kimelipiwa. Kila sahani unayoirudisha ni tofali la kiwanja kile unalitupa.

Nimekuwa mkali. Nisamehe, lakini sifuti.

Huku mtaani bado wananiuliza kama ni kweli Kanada imefunga mlango. Tangu Januari, waziri wao alipotangaza kupunguza vibali vya wanafunzi, kila mtu ana lake. Nilikonda mwezi mzima mpaka tulipopata uhakika kwamba walengwa ni wa vyuo, shule za msingi na sekondari hazikuguswa. Jirani yetu wa nyuma anataka kumpeleka binti yake, nimemwambia aandike moja kwa moja kwa ofisi za shule za huko, asimpe dalali hata senti. Nikamwambia pia amfundishe binti kusema "nina njaa" kabla hajamfundisha kitu kingine. Alinitazama kama nimechanganyikiwa.

Baridi utaimudu, jaketi ulilonunuliwa linatosha, mjomba amelikagua. Kidole kikifa ganzi, ingia ndani na umwambie mtu.

Kitu kingine. Nimegundua kwamba sasa hivi saa yetu ya Kiswahili na saa yenu zinasoma namba moja. Kwangu ikiwa saa moja ya jioni, ukutani kwenu imeandikwa saa moja, mchana. Tumeachana saa sita kamili. Nilikuwa natazama saa ya dukani na kujua, sasa anakula chakula alichobeba shuleni, sasa anapanda basi la njano. Kaka yako ananiambia tarehe 3 Novemba mnarudisha saa nyuma na hesabu yangu itaharibika. Nitaongeza moja. Wewe usibadilishe siku ya kunipigia, Jumapili na Jumatano, na nikikuuliza umekula nini unitajie vyakula kimoja kimoja. Neno "vizuri" silitaki tena.

Vuli imeanza. Bati la jikoni lile la upande wa mwembe linavuja, fundi amekuja, amelitazama, ameondoka na nauli. Nazi zimepanda bei, naanza kuuza kwa nusu. Baiskeli yako anaitumia binamu yako kwenda shule, Galanos, nimemwambia asipakie mtu nyuma. Paka amezaa watatu, wote chini ya kitanda chako, na dada yako amekataa wahamishwe. Bibi anasema ukimaliza kusoma barua hii uvae soksi.

Kuna jambo la haraka. Sanduku lako la bati nimeshindwa kulifungua, na cheti chako halisi cha kuzaliwa kimo humo, ofisi ya kata wanakitaka kabla ya Ijumaa kwa ajili ya kadi ya bibi. Nimetafuta juu ya kabati na kwenye mifuko ya koti la shule. Ufunguo uliuweka wapi?

Mama yako