Maamuzi ya programu huria yasiishie kwenye simu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenzangu wanaotengeneza programu huria, yaani zile programu za kompyuta ambazo msimbo wake (maelekezo yanayoiongoza kompyuta) uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuugawa, pamoja na taasisi zinazofadhili kazi hiyo. Jambo ninalolileta si upungufu wa ujuzi, kwa maana ujuzi tunao. Ni namna tunavyopashana habari: maamuzi yanayogusa kazi ya watu wengi yanafanyika kwa simu baina ya watu wawili, na waliobaki wanayajua siku kazi yao inapoharibika.

Katika mradi ambao mimi mwenyewe nimo, wa kusajili wagonjwa katika zahanati, wauguzi walilalamika kwamba mfumo unamkataa mtu asiyejua tarehe yake ya kuzaliwa. Bibi anafika dirishani, anasema alizaliwa mwaka wa njaa kubwa, muuguzi anakadiria mwaka, lakini mfumo unadai siku na mwezi. Mwenzetu aliyeko Mwanza akaanza kuandika msimbo wa kupokea tarehe ya makadirio, pamoja na alama ya kumjulisha msomaji kwamba tarehe hiyo si ya uhakika. Wakati huohuo kiongozi wa mradi alikuwa amempigia simu mwenzetu wa Kisumu, wakakubaliana kwamba siku na mwezi vikikosekana, mfumo ujaze wenyewe tarehe 1 Januari. Makubaliano hayo hayakuandikwa popote. Kwa wiki mbili watu wawili walishughulikia hitilafu moja kwa njia mbili zinazopingana, na uliotangulia kuingizwa ukawa msimbo wa Januari. Mwezi uliofuata taarifa za chanjo zilionyesha watoto waliopitwa na dozi zao, kumbe ni watoto walioletwa na walezi wasiojua mwezi wao wa kuzaliwa, nao mfumo ukawazeesha kwa miezi kadhaa. Muuguzi mmoja alikaa siku mbili na daftari la kliniki akisahihisha rekodi moja baada ya nyingine.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jibu lilikuwapo. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na ambao Eldoret ni miongoni mwa mahali pa mwanzo kabisa ulipotumika, una sehemu maalumu ya kuonyesha kwamba tarehe ya kuzaliwa ni ya kukadiria. Mwenzetu wa Mwanza alilijua hilo. Angeulizwa, angelisema kwa mstari mmoja.

Wengi hudhani kwamba simu inatosha kwa kuwa ilitosha mradi ulipokuwa na watu watatu. Hesabu inakataa. Watu 5 wana njia 10 za kuzungumza wawiliwawili, lakini wakifika 50 njia hizo zinakuwa 1,225, na hakuna kiongozi awezaye kuzifuata zote hata akeshe. Ndiyo maana katika miradi ya Apache Software Foundation, taasisi inayosimamia programu huria nyingi, kuna desturi kwamba jambo lisiloletwa kwenye barua pepe ya pamoja ya mradi huhesabiwa kuwa halikutokea, hata kama wahusika walilizungumza ana kwa ana. Kura zao huachwa wazi kwa muda usiopungua saa 72 kwa kawaida, kwa sababu wachangiaji wametawanyika duniani, wengi wao wanajitolea, na mwingine analala wakati mwenzake anaamka. Sisi tunafunga mjadala kwa dakika ishirini usiku, kisha tunamshangaa mwenzetu ambaye umeme ulikatika au kifurushi kilimwishia.

Maandishi yana faida nyingine, nayo ilionekana wazi Machi 2024. Mhandisi Andres Freund aliona kwamba kuingia kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine) kwa njia ya SSH, yaani kuingia kwa usalama ukiwa mbali, kunachelewa kwa takriban nusu sekunde, akafuatilia, akakuta msimbo wa hila umepenyezwa ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika katika mifumo mingi ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Mtunzaji wa programu hiyo alikuwa mtu mmoja wa kujitolea, na huko nyuma alikuwa ameandika hadharani kwamba nguvu zimempungua. Watu wasiojulikana walikuwa wamemwandama kwa barua za lawama wakitaka aongeze msaidizi, na msaidizi aliyepewa nafasi ndiye aliyekuja kuupenyeza msimbo ule. Barua hizo zilikuwa bado zimehifadhiwa mahali pa wazi, na ndizo zilizowawezesha wengine kuona jinsi shinikizo lilivyojengwa hatua kwa hatua. Kama yote yangesemwa kwa simu, tungebaki na uvumi.

Najua kwa nini kwetu watu wanakwepa kuandika. Sababu ya kwanza ni lugha. Kijana anayejieleza vizuri sana kwa Kiswahili huogopa kuandika Kiingereza chenye makosa mbele ya watu, kwa hiyo anahamia WhatsApp, na huko hoja yake nzuri inafukiwa na salamu na picha za harusi. Sioni kosa lolote kujadili kwa Kiswahili kwenye ukurasa rasmi wa mradi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuileta Jambo OpenOffice mwaka 2004, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili kuanzia menyu zake, kwa hiyo istilahi si ngeni kwetu. Mchangiaji wa nje atakayehitaji tafsiri atatafsiriwa.

Sababu ya pili ni adabu. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa hadharani, na malezi hayo ninayaheshimu. Hata hivyo, anayeandika kwamba mstari fulani wa msimbo utaleta tarehe za uongo hajamvunjia mtu heshima. Viongozi wa miradi ndio wenye kuufungua mlango huu, kwa kujibu ukosoaji kwa upole na kwa kukiri hadharani pale walipokosea, kwa sababu mdogo hatathubutu kuanza.

Kwa taasisi zinazotoa fedha, ninaomba sharti moja katika mikataba yao: kila uamuzi unaobadilisha jinsi programu inavyofanya kazi uandikwe mahali ambapo wachangiaji wote wanaweza kuusoma, ukieleza nani waliamua, kwa sababu gani, na njia zipi zilikataliwa. Simu zipigwe, vikao vifanyike, lakini aliyepiga simu aandike kilichokubaliwa kabla ya msimbo kuguswa, na wenzake wapewe siku tatu za kupinga. Vyuo navyo viwape wanafunzi wa kompyuta alama kwa mijadala waliyoiandika, kama wanavyopewa kwa msimbo.

Sisi tumekwisha kuanza. Kumbukumbu yetu ya kwanza ya namna hiyo ina mistari minne, inahusu kuiondoa ile tarehe 1 Januari, na imeandikwa kwa Kiswahili na yule mwenzetu wa Mwanza. Siku ya pili muuguzi aliyesahihisha rekodi aliongeza mstari wa tano chini yake, akiuliza iwapo mfumo unaweza pia kupokea msimu, kwa kuwa kina mama wengi wanakumbuka kwamba mtoto alizaliwa wakati wa masika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengeneza programu,
Morogoro