Barua kwa Zuhura, kabla ya usaili wa Dodoma

Mpendwa Zuhura,

Habari za siku nyingi, na hongera sana kwa kuvuka mchujo wa nafasi ya Afisa Ugavi serikalini. Mama hajambo? Unasema notisi unazo na vyeti unavyo, ila moyo haujatulia, na unaomba dawa ya woga. Dawa hiyo siijui. Ninavyoona, woga wa usaili hulelewa na vitu tulivyoviacha nusunusu: cheti usichokuwa na uhakika nacho, jibu ulilolisoma kwa macho lakini hujawahi kulitamka. Hivyo vinamalizika, na siku ulizobakiwa nazo zinatosha.

Anza na mlangoni, maana wapo wanaorudishwa kabla hata ya kuliona jopo. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, uhakiki wa vyeti hutangulia. Wanataka vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita na cha shahada, pamoja na kitambulisho, kiwe cha NIDA, cha kupigia kura, leseni au pasi ya kusafiria. Hati ya matokeo ya kidato cha nne haihesabiwi kuwa cheti, wala barua ya chuo inayosema umemaliza. Tangazo likitaja usajili wa Bodi ya Wataalamu wa Ununuzi na Ugavi, nao ubebe ule halisi. Leo usiku vitandaze vyote mezani usome jina lako herufi kwa herufi. Kimoja kikisema "Zuhra" na kingine "Zuhura", herufi hiyo moja inatosha kukukwamisha. Tiba yake ni hati ya kisheria ya majina, inayoandaliwa na wakili na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, na haipatikani kwa siku moja. Kwa hiyo ukiona tofauti, asubuhi uwe kwa wakili.

Jingine dogo: namba yako ya usaili iko ndani ya akaunti yako ya Ajira Portal, ule mtandao wa Sekretarieti uliotumia kuomba kazi. Inakili kwa kalamu kwenye karatasi sasa hivi. Siku yenyewe hawagawi namba, na mtandao huwa umelemewa na watu waliokumbuka dakika ya mwisho.

Sasa tuingie chumbani. Jopo huwa na maswali yaliyoandaliwa, na kila mjumbe ana karatasi yake ya alama. Hebu jiweke kwenye kiti cha mjumbe huyo, saa nane mchana, msailiwa wa kumi na tisa. Anasubiri usikike ukitaja hoja fulani ili aweke alama. Usiyoitaja haiandiki, hata kama uso wako unaonyesha unaijua. Ndiyo sababu mtu mwenye ufahamu mzuri hutoka na alama kidogo: ametoa hoja moja, akanyamaza kwa adabu.

Nikupe mfano wa stoo, kwa kuwa nafasi yako ni ya Afisa Ugavi. Wanakuuliza: "Leja inaonyesha boksi 240 za glovu, rafuni umehesabu 226. Utafanya nini?" Wengi hujibu, "Nitatoa taarifa kwa mkuu wangu wa kazi." Si kosa, lakini hiyo ni hoja moja, tena ya mwisho. Boksi 14 zina mahali zilipopotelea, na jopo linataka kusikia unavyozitafuta. Utahesabu upya ukiwa na mtu wa pili. Utalinganisha leja na kadi ya rafuni. Utapitia hati za kupokelea na za kutolea tangu hesabu ya mwisho, ukitafuta iliyotumika bila kuingizwa. Utaangalia kama kuna aliyechanganya kipimo, akaandika boksi palipokuwa na katoni, na kama kuna zilizoharibika zikaondolewa rafuni bila kuondolewa kwenye leja. Kisha taarifa ya maandishi. Halafu taja na hili, kwa sauti: leja hutaigusa ili ilingane na rafu mpaka upate idhini. Hapo ndipo uaminifu wako unapopimwa bila wewe kuulizwa kama ni mwaminifu.

Maswali ya namna hiyo yaandae kumi. Kila moja liwe na hoja tano fupi, na mfano mmoja kutoka ile stoo ya hospitali uliyojitolea. Usiandike insha nzima ukaikariri, kwa sababu ukisahau neno moja katikati yote yanakatika. Kariri hoja, sentensi zitakuja zenyewe.

Na tafadhali, yale maswali ya zamani yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp yapekue kwa jicho kali. Mengi yana majibu ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2011 na TANePS, mfumo wa zamani wa ununuzi wa umma kwa njia ya mtandao. Sheria iliyopo ni Na. 10 ya 2023, na mfumo wa sasa ni NeST. Ukitaja ya zamani kana kwamba bado inatumika, jopo linajua papo hapo ulisoma wapi. Hakikisha unaweza kueleza kwa maneno yako kazi ya Ofisa Masuuli (mkuu wa taasisi anayewajibika kwa fedha zake), Bodi ya Zabuni, Kitengo cha Ununuzi, idara yenye uhitaji na kamati ya tathmini, na nani hapaswi kuingilia kazi ya nani. Jua pia asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi inayotengwa kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Na uwe na jibu la mkuu anayekutaka uvunje ununuzi mmoja vipande vidogo ili kukwepa zabuni. Sheria inakataza. Unamweleza kwa heshima, unamrudisha kwenye mpango wa ununuzi wa mwaka, na ushauri wako unauweka kwenye maandishi.

Swali la mshahara lisikunyime usingizi. Ngazi ya mshahara imo kwenye tangazo. Hakuna cha kujadiliana.

"Jieleze" ndilo linaloharibiwa zaidi, kwa sababu kila mtu huliona rahisi. Sekunde 90 zinatosha. Jina, elimu, kazi uliyoifanya kwa mikono yako, na kinachokufanya uifae nafasi hii. Shule ya msingi iache, ndugu zako waache. Sema: "Kwa miaka miwili nimejitolea kwenye stoo ya hospitali ya wilaya, napokea dawa na vifaa tiba, naingiza kwenye leja, na kila mwisho wa mwezi nahesabu. Dawa inayowahi kuisha muda hutoka kwanza, hata kama ilipokelewa baadaye." Sentensi hiyo ya mwisho inaonyesha umeshika kazi, wakati "mimi ni mchapakazi" kila mmoja atalisema. Iandae kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ujibu kwa lugha utakayoulizwa.

Jirekodi kwa simu. Kaa kwenye kiti kigumu, miguu yote sakafuni, uwaweke mbele yako watu watatu, hata wadogo zako, mmoja awe anaandika bila kukutazama. Hilo la kutotazamwa huwavuruga wengi. Wanadhani wamekosea, wanaanza kukimbiza maneno. Anayeandika anakuandikia alama. Ukisikiliza rekodi hesabu "yaani" ngapi umesema. Zikizidi tano, rudia, na kila inapokujia "yaani" funga mdomo, vuta pumzi.

Ukiingia, "shikamooni" moja inatosha kwa jopo zima. Huna haja ya kumzungukia kila mjumbe. Subiri uambiwe ukae. Swali lisipoeleweka, omba lirudiwe, hawakukati alama kwa hilo. Usilolijua kabisa, sema hulifahamu, usibuni kifungu cha sheria. Ukikibuni, mjumbe mmoja atakufuata na swali la pili, na hapo hata uliyoyajua yataanza kutetereka.

Lala Dodoma usiku wa kuamkia usaili, usisafiri usiku kucha. Basi litakushusha stendi ya Nanenane, na ukumbi uliotajwa kwenye tangazo huenda uko upande mwingine kabisa wa mji, kwa hiyo jioni ileile uende ukauone mlango kwa macho. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Beba koti, asubuhi za Julai kule zina baridi, na foleni huanzia nje. Beba pia maji na karanga, kwani unaweza kuhakikiwa saa mbili ukaitwa saa tisa.

Ukifaulu nafasi zikawa zimejaa, jina hubaki kwenye kanzidata, na nafasi ikipatikana wanaita kutoka humo. Ile laini yako ya simu uliyoipoteza mwaka jana, kama ndiyo bado iko kwenye akaunti, ibadilishe leo.

Nitumie rekodi Jumapili usiku. Ya kwanza usinitumie, nitumie ya tatu.

Wako,
Hamisi