Barua ya wazi kwa mpwa wangu aliyebonyeza Esc

Baba,

Nimekuita hivyo tangu siku ya kwanza nilipokupakata. Ulipewa jina la baba yangu, na kwetu mtu hamtaji baba yake kwa jina, hata kama baba mwenyewe ana umri wa wiki moja na ametoka kunikojolea kitenge. Leo nakuandikia mbele za watu kwa sababu kwenye simu ukiona ujumbe wangu ni mrefu unajibu "sawa shangazi" kabla hujafika mstari wa pili.

Ninyi wengine mnaopita: hapa nataja mwisho wa Shadowbringers, nyongeza ya tatu ya gemu la kompyuta Final Fantasy XIV, iliyotoka Julai 2019. Kama bado mko njiani, fungeni ukurasa huu, mtarudi mkimaliza.

Siku ile nilikuwa jikoni nakaanga chapati. Ukapiga kelele kutoka sebuleni: "Shangazi, nimemaliza!" Nikaja mbio na mwiko mkononi. Nikakuuliza, alisema nini mwishoni? Ukasema, nani? Nikasema Emet-Selch. Ukakuna kichwa. "Yule bosi mkubwa wa mabarakoa?" Ndiyo, huyo. "Aa, mimi stori nilikuwa naziruka. Zinachelewesha."

Chapati ikaungua. Niliila mwenyewe.

Nikukumbushe tulikotoka. Nilikwambia toka mwanzo kwamba gemu hili lina mamia ya misheni kabla ya kufika mahali patamu, na kwamba sehemu ya kwanza ni kutumwa tu: peleka mzigo, rudi, peleka mwingine. Hapo ndipo ulipojifunza tabia ya kubonyeza Esc, kitufe cha kuruka stori, na hapo sikulaumu, hata mimi nilisinzia. Lakini ukaifanya tabia hiyo kuwa mwendo. Ukapita nayo nyongeza mbili za mwanzo, Heavensward na Stormblood, ukafika kiwango cha 70 na mlango wa Shadowbringers ukafunguka, nawe kidole bado kiko palepale.

Kwa hiyo niambie, bosi wa pili wa Holminster Switch, kile kijiji cha mapambano, ni nani? Najua unamkumbuka, maana ulilalamika kwamba hana ugumu wowote. Mweupe, ana mabawa. Jina lake lilikuwa limeandikwa juu ya kioo muda wote ulipokuwa unampiga: Tesleen.

Huyo Tesleen ulikuwa umeshakutana naye, baba. Jangwani Amh Araeng kuna mahali panaitwa Journey's Head. Wanapelekwa watu walioguswa na wala dhambi, wale viumbe wa nuru, ambao hawana tena kupona: mwili unaanza kuwa mweupe, ulimi unakuwa mzito, na mwisho mtu mwenyewe anageuka kiumbe. Tesleen ndiye aliyewauguza. Kazi yake moja ilikuwa kujua kila mgonjwa anapenda chakula gani. Siku ikifika, mgonjwa anapikiwa chakula hicho, na ndani yake kuna sumu, ili afe akiwa bado ni mtu. Kuna mtoto pale, Halric, hasemi kitu. Mtoto akapotea, mla dhambi akatokea, Tesleen akajitupa katikati. Akachomwa. Unamwona anabadilika mbele yako polepole, na Alisaie, mwenzetu wa safari, amesimama hana la kufanya. Mimi nilitoa mkono kwenye kipanya nikauweka mdomoni.

Wewe ulibonyeza Esc, kisha baada ya misheni chache ukamuua ukasema hana ugumu.

Sasa kaa chini nikueleze tulikuwa wapi. Umeitwa kutoka ulimwengu wako ukapelekwa Ulimwengu wa Kwanza, ambako miaka 100 nyuma ilipita Gharika ya Nuru ikafuta karibu kila kitu. Kilichobaki ni kipande kimoja kiitwacho Norvrandt, na juu yake anga ni jeupe usiku na mchana. Usiku wenyewe haupo. Nimependa sana walivyoligeuza hili, maana sisi wote tumelelewa kwamba nuru ni nzuri na giza ni la wachawi. Hapa nuru ndiyo inayoua. Ukimuua mlinzi wa kwanza wa nuru, yaani mla dhambi mkubwa, pazia linapasuka na watu wanatoka nje kutazama nyota, ambazo wengi wao hawajaziona tangu wazaliwe. Umeme ukikatika Tabata na mtaa wote ukazima, ukipanda juu ya paa unaziona. Usiku ule nilizima taa ya sebuleni makusudi. (Na kichekesho ni kwamba sisi wa huku tunacheza kwenye seva za Ulaya, na moja ya makundi yake mawili linaitwa Light. Ndiko nilikokuwa nimejiandikisha.)

Ya mji wa Eulmore nayapita haraka. Matajiri wanakula raha juu ya mnara, maskini wanapanga foleni getini wakiomba waajiriwe, na chakula cha bure wanachogawiwa kimetengenezwa kwa nyama ya wala dhambi. Utaiona mwenyewe.

Ninayetaka tumzungumze ni yule wa mabarakoa.

Emet-Selch si jina, ni cheo. Jina lake ni Hades. Alipokuja kwetu alivaa mwili wa Solus zos Galvus, mwasisi wa dola ya Garlemald, yaani vita vingi ulivyopigana tangu mwanzo vina mkono wake. Na bado anaingia kwenye hadithi kama mjomba aliyechoka: mabega yameanguka, anapiga miayo, anaondoka bila kugeuka huku akipunga mkono nyuma. Anawasaidia. Y'shtola, mchawi wa kundi letu, anapopotea, ni yeye anayemrudisha. Kwenye mapango ya Rak'tika mnakuta michoro ukutani, na yeye ndiye anayekaa kuwafafanulia, kama mzee anayeeleza picha za harusi.

Anasema hivi: zamani dunia ilikuwa moja, na mji wao uliitwa Amaurot. Watu wake waliweza kuumba kwa kuwaza tu. Siku za mwisho zikaja, mbingu ikawaka moto, na kwa kuwa waliumba kwa mawazo, hofu yao nayo ikaanza kuumba mazimwi. Baraza lao likaamua kumwita Zodiark aokoe dunia, na bei yake ilikuwa roho za nusu ya watu waliobaki. Wakatoa. Ikabidi dunia iote tena majani na wanyama, na nusu ya waliobaki wakajitoa tena. Kisha wakapanga kuvitoa sadaka viumbe vipya ili wapendwa wao warudi. Wengine wakakataa, wakamwita Hydaelyn, akampiga Zodiark pigo lililopasua dunia vipande 14: ulimwengu wetu na vivuli 13. Kila roho ikagawanyika vilevile. Walionusurika wazima ni watatu tu, naye ni mmoja wao.

Kwa takriban miaka 12,000 kazi yake imekuwa kuvirudisha vile vipande kimoja kimoja, na kila kimoja kikirudi watu wanakufa kwa mamilioni. Mara saba imeshatokea. Ile ya saba ndiyo siku gemu la kwanza, lile la 2010 lililoanguka vibaya, lilipozimwa mwezi Novemba 2012 kwa kuangushiwa mwezi mwekundu, kabla halijazaliwa upya 2013. Waandishi walichukua aibu yao wenyewe wakaipa nambari kwenye historia ya dunia. Natsuko Ishikawa ndiye aliyeongoza uandishi wa nyongeza hii, na ukiniuliza mimi, kazi yake bora ni huyu mzee mpiga miayo.

Maana anakuambia wazi kwamba kukuua si kuua, kwa sababu hakuhesabu kuwa u hai. Wewe ni kipande. Anakutazama, anapima, anakata tamaa. Halafu unashuka baharini, kwenye Tempest, na unakuta ameujenga upya mji wao mzima chini ya maji kwa uchawi wake peke yake. Majengo hayana mwisho, muziki unatembea na mlio wa saa ya ukutani. Watu wake ni vivuli, warefu kama minazi, wanakuinamia wakidhani wewe ni mtoto uliyepotea. Ili umwone mwenyewe unatumwa ofisini kuomba kibali. Nilicheka: hata mji wa wafu una foleni ya kaunta. Na pale ofisini ndipo kivuli kimoja, Hythlodaeus, kinajua kwamba chenyewe ni kivuli, na kinakwambia kwamba rangi ya roho yako anaijua. Ni ya rafiki yao wa zamani.

Hapo nikaelewa lile jicho la pembeni njia nzima. Yule mtu alikuwa anamtafuta mfu wake usoni mwako.

Baba, mimi nimekufanyia hivyo.

Hukumwona babu yako. Aliondoka miaka miwili kabla hujazaliwa. Lakini ukishika penseli kwa mkono wa kushoto mimi natulia, na ukikohoa asubuhi nageuka. Na ulipofeli hesabu kidato cha pili nilikwambia "mwenye jina hili asingeleta karatasi kama hii." Ulinyamaza. Ulikuwa na miaka 15, na mimi nilikuwa nakupima kwa mtu aliyekufa. Ukitabasamu kwa namna isiyo yake, nahisi kama nimeibiwa kitu. Hilo sikuwahi kulisema hadi nilipomwona mtu wa kwenye kompyuta akilifanya kwa ukubwa wa dunia nzima, na nikamchukia, na nikamwelewa, usiku mmoja.

Tena kwenye gemu wako wengine wanaokumbuka pia, ila kwa namna nyingine. Yule wa kofia na mkono wa kioo, Crystal Exarch, ambaye najua ulidhani ni mchawi tu wa kutoa misheni, ni G'raha Tia, mwanafunzi wa mambo ya kale tuliyemwacha amejifungia kwenye Mnara wa Kioo zamani sana. Aliamka miaka 200 baadaye akakuta wewe umeshakufa na dunia imeharibika. Mafundi, kizazi baada ya kizazi, walikuwa wamekesha wakitafuta njia ya kumrudisha nyuma akuokoe, wakijua kwamba dunia yao wenyewe haitapona kwa hilo. Walikuwa na hadithi zako tu. Zile ulizoruka.

Na Ardbert, yule mzimu wa chumbani kwako: alizurura miaka 100 bila mtu hata mmoja kumsikia hadi ulipofika wewe. Mwishoni anakupa roho yake, maana na yeye ni kipande cha roho ileile.

Ndipo pambano. Wale wachezaji saba uliopangiwa nao, wa Ujerumani na wapi sijui, waliokulalamikia kwa kusimama kwenye moto, hata wao wako kwenye hadithi: ni mashujaa ambao Exarch amewaita kutoka dunia nyingine waje wakusaidie. Unashinda. Shoka la nuru linampita kifuani. Anasimama na tundu mwilini, haombi kurudi, hakulaani. Anasema, kumbukeni kwamba tuliwahi kuishi. Anatabasamu, anatoweka.

Hilo ndilo jibu la swali langu la siku ya chapati. Mtu aliomba jambo moja, nawe ukabonyeza Esc.

Sina hasira. Kidogo tu ninayo. Lakini nimegundua kuna dawa: ingia chumba chochote cha nyumba ya wageni kwenye gemu, mezani kuna kitabu kinaitwa The Unending Journey. Kifungue, tafuta Shadowbringers. Vipande vyote viko humo, hata ulivyoruka. Anza na Journey's Head.

Jumapili nakuja kwenu na kitabu kingine, albamu ya babu yako, ile yenye jalada la kijani iliyopata maji mvua ya mwaka juzi. Kuna picha yake moja akiwa na umri wako, amevaa suruali pana, anamcheka mpiga picha. Nimeitazama sana wiki hii, na mkono alioshikia sigara ni wa kulia. Sijui lile la mkono wa kushoto nililitoa wapi. Tutamuuliza mama yako.

Chapati nitaleta mimi.

Shangazi yako