Mkataba uliokwisha muda haumlindi mpangaji

Mhariri,

Hapa Malindi wapangaji wengi hupenda kukaa mwezi hadi mwezi, kwa sababu watalii wakipungua mwezi wa Aprili na kazi ya hoteli ikikatika, mtu hufunga virago bila kudaiwa kodi ya miezi iliyobaki. Kijana asiye na familia ningemshauri vivyo hivyo. Ila ruhusa hiyo mwenye nyumba naye anayo, na huitumia watalii wanaporudi.

Mimi nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja wa nyumba ya vyumba viwili, Muyeye. Ulikwisha mwezi wa Machi na hapana aliyeutaja. Nikaendelea kutuma kodi kwa simu kila tarehe tano, na mwenye nyumba akaendelea kuipokea. Mwishoni mwa Septemba mwaka uliofuata nikaletewa nusu karatasi ya daftari iliyonitaka nihame kabla ya Novemba, mwanangu wa kidato cha nne akijiandaa kwa mtihani, kwa kuwa nyumba ilitakiwa kupakwa rangi ikodishwe wageni wa Desemba kwa usiku. Nilikwenda kwa wakili na mkataba wangu ndani ya bahasha, nikiamini nimeshika silaha. Aliitazama tarehe tu, akanirudishia.

Alinieleza kwamba chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, mpangaji akibaki baada ya mkataba kwisha, na mwenye nyumba akapokea kodi kwa miezi miwili, upangaji hugeuka kuwa wa mwezi hadi mwezi, na huo huvunjwa na upande wowote kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja. Karatasi ile ya daftari ilikuwa halali. (Aliyepanga duka ana nafuu kutushinda: asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu upangaji wa maduka na hoteli, inamhakikishia notisi ya miezi miwili na nafasi ya kuipinga. Sheria ya kudhibiti kodi za makazi inazihusu nyumba za kodi isiyozidi Sh2,500, na nyumba hizo sijui ziko wapi siku hizi.)

Kwa hiyo mwenye watoto shuleni namshauri adai mkataba wa kuanzia Januari hadi Desemba, ili msimu wa wageni uwe ndani yake, kodi isipande kabla ya mwaka kwisha, na kiwepo kipengele cha kumruhusu mpangaji kuondoka kwa notisi ya miezi miwili. Kikikosekana, siku kazi itakapokatika atadaiwa hadi mwezi wa mwisho. Dalali akisema karatasi ni usumbufu asisikilizwe, maana mkataba usiozidi miaka miwili hauhitaji kusajiliwa.

Sasa nimepanga Maweni. Mkataba wangu unakwisha tarehe 31 Desemba, na barua ya kuuhuisha nilimpelekea mwenye nyumba tangu Oktoba. Nakala aliyotia sahihi ninayo.

Mpangaji,
Maweni, Malindi.