Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, mwaka 2024

Ndugu wanachama, shikamooni wakubwa, na nyie vijana mambo vipi. Najua wengi mtaisoma hii kwenye simu mkiwa dukani au kwenye daladala ya Buhongwa, kwa hiyo salamu ziishie hapo. Itakuwa ndefu kidogo, mnivumilie, maana kuna mambo nisipoyaandika tukifika kwenye mkutano tutabishana mpaka giza liingie.

Kwa wale wapya. Chama hiki cha hapa Mwanza kinapambana na usafirishaji haramu wa binadamu, na kina watu wa aina mbili, kuna watu wa chuo kule Malimbe na Bugando, alafu kuna watu wa mtaani, mama zetu wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, makondakta, walimu, maafisa ustawi waliostaafu. Wa chuo wanataka ushahidi kabla hawajafungua mdomo, wa mtaani wanataka mtoto atolewe kwenye nyumba anayotumikishwa leo leo. Mwaka mzima nimekaa katikati ya hawa watu wawili na mi naona wote wako sahihi, na sitaki mmoja amshinde mwenzie.

Jambo kubwa la mwaka huu ni kwamba kwenye mikutano yetu ya mitaa tumeacha kabisa kuhubiri habari za mgeni asiyejulikana mwenye gari la vioo vyeusi anayeiba watoto. Watu wanaipenda hiyo stori kwa sababu haimgusi mtu. Ila ukikaa na mabinti wanaofanya kazi za ndani hapa Nyamagana na Ilemela ukawasikiliza taratibu, aliyewatoa nyumbani anajulikana mpaka na mbuzi wa pale kwao. Ni shangazi, ni mama wa kanisani, ni binamu aliyekuja msibani akasema jamani huyu nipeni nikamsomeshe mjini. Shule haipo, kuna watoto watatu wa kulea, kuna ndoo za maji, kuna kuamka saa kumi alfajiri, na mshahara kama upo unatumwa kwa huyo huyo shangazi kwa simu na binti hajawahi kuushika. Na ripoti mbalimbali zinazotolewa kila mwaka kuhusu Tanzania zinasema hivyo hivyo, kwamba usafirishaji mwingi ni wa ndani ya nchi na mara nyingi anayeufanikisha ni ndugu au rafiki wa familia mwenye ahadi ya shule au kazi. Sasa ukienda Misungwi au Kwimba ukawaambia wazazi wajihadhari na wageni umewaambia nini hapo? Wanakuitikia, wanakupa uji, jioni wanamkabidhi mtoto kwa shangazi.

Nije kwenye utafiti wetu wa kambi za uvuvi. Timu ya mialo, asanteni sana, mmefanya kazi ngumu. Wazo la kwenda wakati wa mbalamwezi lilitoka kwa mama mmoja wa Mwaloni, hakulitoa profesa yeyote, na ndo lililotuokoa. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, vijana wako kambini wanashona nyavu na wanacheza drafti, na hesabu za malipo na matajiri wao, yani wenye mitumbwi, zinapigwa kipindi hicho hicho. Ukienda siku nyingine unamkuta kijana amelala au yuko majini, akiongea anaongea huku tajiri amesimama pembeni.

Dodoso letu halina swali la kumuuliza mtu kama amesafirishwa, maana hakuna anayejiona hivyo. Tunauliza mambo ya kawaida tu, nani alikulipia nauli, ulipofika ulikuta kazi ile ile uliyoambiwa, simu yako nani anakaa nayo, kitambulisho kiko wapi, ukitaka kuondoka kesho nani atakuzuia na atakuzuia kwa nini. Shirika la Kazi Duniani, ILO, wana dalili 11 za kazi ya kulazimishwa, zikiwemo kudanganywa, kuzuiliwa kutoka, kutishwa, kunyang'anywa vitambulisho, kushikiliwa mshahara na kufungwa na deni, na maswali yetu tumeyatoa humo tukayageuza yawe maongezi ya kambini. Huko visiwani Ukerewe na Kome kinachojirudia ni deni. Kijana anafika, chakula kinaandikwa, dawa ya malaria inaandikwa, kiatu kinaandikwa, mwisho wa mwezi anaambiwa bado anadaiwa, na boti ya kurudi Mwanza inataka hela ambayo hana. Hakuna aliyemfunga kamba. Wengine kwenye timu walisema hii ni njaa ya kawaida ya wavuvi wote na kwa kweli walikuwa na hoja, si kila kijana maskini mwaloni ni mhanga, ndo maana tunaangalia kama anaweza kuondoka au hawezi, na hatuhesabu ugumu wa maisha peke yake.

Upande wa machimbo ya Geita hatujaenda mbali. Tumeongea zaidi na wahudumu wa baa wanaotokea huku kwetu, walioahidiwa kazi ya mgahawa wakakuta mambo mengine. Hiyo kazi naomba iendelee mwaka kesho, na iongozwe na wanawake, wanaume mtulie tu.

Sasa sheria, kwa sababu kila kikao kuna mtu anasema haikuvuka mpaka kwa hiyo si kosa. Ni kosa. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 haidai mpaka uvukwe, binti akitolewa Sengerema akapelekwa Kirumba kunyonywa inatosha. Itifaki ya Palermo ya 2000, ule mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa binadamu ambao Tanzania iliuridhia 2006, inataka vitu vitatu, kitendo (kumchukua, kumsafirisha, kumpokea, kumhifadhi), njia (nguvu, vitisho, uongo, kutumia udhaifu wake) na lengo la kumnyonya. Akiwa chini ya miaka 18 ile njia haihitajiki kuthibitishwa, kwa hiyo maneno ya oh alikubali mwenyewe, mama yake alikubali, hayana nguvu. Mwanzoni adhabu kwa kosa la mtu mzima ilikuwa kifungo cha miaka 2 hadi 10 au faini kati ya milioni 5 na milioni 100 au vyote viwili, kwa mtoto kifungo kilikuwa miaka 10 hadi 20 na hapo pia faini ilikuwepo, yani mwenye hela alikuwa na mlango wa kutokea. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa, kifungo hakibadilishwi tena kwa faini. Hayo ni mafanikio ya watu wengi nchi nzima waliopiga kelele miaka na miaka, tusijifanye ni yetu sisi.

Ila sheria kuwa kali haijatusaidia kwenye shahidi. Kesi inafunguliwa, binti anarudi kijijini, tarehe ya kwanza inaahirishwa, ya pili inaahirishwa, nauli yake haina mwenyewe, na huku familia mbili zimeshakaa chini zimeyamaliza kwa ng'ombe. Kamati yetu ya sheria imependekeza mfuko mdogo wa nauli na malazi ya mashahidi. Mi naunga mkono, na nitaomba tuupigie kura kabla ya jambo lolote lingine linalohusu hela, hata kabla ya zile tisheti.

Namba. Kila mwandishi wa habari anayenipigia anataka namba, Mwanza wako wangapi. Mkoa una watu karibu milioni 3.7 kwa sensa ya 2022 na mtu yeyote akiwapa idadi ya wahanga humo ndani muulizeni ameipataje. Kidunia makadirio yaliyotolewa 2022 na ILO, IOM (shirika la uhamiaji) na shirika la Walk Free yalisema watu milioni 27.6 walikuwa kwenye kazi ya kulazimishwa mwaka 2021, na hayo ni makadirio ya dunia nzima, huwezi kuyagawanya ukapata ya Ilemela. Wenzetu wa takwimu walitueleza njia iliyotumika Uingereza 2014, nayo ni rahisi kuielewa: unachukua orodha za polisi, za mashirika, za halmashauri, unaangalia majina mangapi yanajirudia kwenye orodha zaidi ya moja. Yakijirudia mengi maana yake mmeshawaona wengi wao, yakijirudia machache maana yake kuna wengi hamjawaona kabisa. Mtakwimu Bernard Silverman kwa njia hiyo alikadiria wahanga 10,000 hadi 13,000 Uingereza kwa mwaka 2013, wakati walioonekana kwenye orodha walikuwa wachache sana ukilinganisha.

Kwa nini sisi hatujafanya hivyo? Kwa sababu orodha zenyewe hazikutani. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wanaandika kivyao, ustawi wa jamii kivyao, nyumba salama kivyao, mtoto mmoja anaitwa Neema huku na Mary kule, umri 13 huku na 15 kule, na kesi nyingi zimeandikwa ukatili au utoro bila neno lolote la usafirishaji. Tumekubaliana tuanze na daftari moja la namba za siri ambalo kila mwanachama anayepokea taarifa atalijaza kwa mtindo mmoja, mwaka wa kuzaliwa, wilaya ya kutoka, aliyemleta ni nani kwake, kazi aliyokuta. Majina hayaingii humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na imeanza kutumika 2023, kwa hiyo wale mnaotuma picha za watoto na majina ya vijiji kwenye grupu la wasapu naomba muache, na nasema kwa upendo lakini nasema.

Hapo hapo niongelee ile hela tuliyoikosa, maana minong'ono imekuwa mingi. Kuna mfadhili, sitamtaja, alitaka video ya mabinti wakisimulia, sura zikionekana, walau hata mmoja awe analia. Tulikataa. Shirika la Afya Duniani, WHO, wana mwongozo wa 2003 wa namna ya kumhoji mwanamke aliyesafirishwa, una kanuni kumi, ya kwanza kabisa ni usimdhuru, na unakutaka umchukulie kila mtu kuwa yuko kwenye hatari kubwa mpaka uthibitishe vinginevyo. Binti ambaye aliyemuuza ni shangazi yake anarudi kula meza moja na ukoo ule ule, video ikirushwa anaenda wapi? Najua hela ile ingelipa pango la ofisi mwaka mzima. Nikiulizwa tena kesho nitajibu vile vile.

Uraghibishi, yani kuhamasisha watu, umekwenda vizuri stendi kuliko tulivyotegemea. Nyegezi na Nyamhongolo wakata tiketi wengine sasa wanatupigia wenyewe wakiona mtoto anasafiri na mtu asiyejua hata jina lake la pili. Namba ya kupiga ni 116, huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo, iandikeni mpaka kwenye milango ya vyoo. Feri ya Kigongo Busisi nayo mwaka huu wa 2024, daraja likiwa bado halijafunguliwa, tulikaa hapo, ila magari yakianza kupita darajani moja kwa moja hayatasimama na sehemu nzuri ya kuangalia nani yuko na nani itakuwa imekwisha, kwa hiyo timu ya Sengerema anzeni kufikiria mapema.

Kwa viongozi wa mialo tumeomba jambo dogo tu, wale BMU, vikundi vya kusimamia mialo, wanaoorodhesha wavuvi waongeze safu ya umri. Wengine wamekubali, wengine wametuzungusha. Kamati za MTAKUWWA za mitaa, zile za kutokomeza ukatili kwa wanawake na watoto, zipo kwenye makaratasi karibu kila mahali lakini zinazokaa vikao ni za kutafuta, na baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024 wenyeviti wengi wa mitaa ni wapya, hivyo uhusiano tuliojenga inabidi tuujenge tena kuanzia chai ya kwanza.

Kuhusu waajiri, kuna mama mmoja kwenye kikao cha Igoma alisimama akasema basi mnatuita wote majambazi. Hapana mama. Kuwa na msaidizi wa ndani si kosa, mpe mkataba, mpe siku ya kupumzika, mlipe mwenyewe mkononi au kwenye simu yake. Kima cha chini kilichoanza Januari 2023 kwa anayelala kwenye nyumba ya kawaida kilikuwa 60,000 kwa mwezi, na nawajua watu humu humu kwenye chama wanaolipa chini ya hapo. Tuongee.

Na wale wanaokwenda Oman na Saudia, hao nimewaacha mwisho kwa sababu kazi yetu huko ni ndogo. Kule visa ya mfanyakazi wa ndani imefungwa kwa mwajiri, ukimkimbia unakuwa umevunja sheria wewe, na shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch 2017 waliandika kuhusu Watanzania walionyang'anywa pasi Oman na Falme za Kiarabu. Tunachofanya ni kumshauri binti apite kwa wakala aliyesajiliwa, auone mkataba kabla ya tiketi, na aache kopi ya pasi na namba ya mwajiri kwa mtu wake hapa.

Mapato na matumizi mhazini atayaweka kwenye grupu wiki moja kabla. Ada za miezi ya nyuma zilipwe, mnajijua. Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Februari, ukumbi ule ule wa Nyakato, saa nne asubuhi na tuanze saa nne kweli. Ajenda ya kwanza ni mfuko wa mashahidi, ya pili daftari, uchaguzi wa katibu ni wa mwisho, na anayetaka kugombea alete jina kwa mama mlezi.

Mwenyekiti wenu.